Makoti ya Bitana na Rafiki wa Ng'ambo

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mtu wa kuamini watu. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikaonekana nimelificha. Akiambiwa na muuza nyanya kwamba za chini ya ndoo ni sawa na za juu, analipa, anashukuru, na akifika nyumbani akizikuta zimeoza anasema maskini, yule mama hakujua. Mimi ndoo naigeuza palepale. Yule mama akiniona kwa mbali anaanza kuhema.

Alikuja kwetu kuolewa na sanduku moja na cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake. Kaka yangu ni mlinzi wa ghala, na maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijiko cha chai, kwa hiyo mke wake alizoea kuongea na cherehani. Sifanyi mzaha. Anaiambia "twende", "ngoja kidogo", "hapo umenikosea". Watoto wake walipokuwa wadogo walidhani mama yao ana mgeni chumbani. Baadaye akapata kazi kwenye karakana ya sare, na mwaka uliofuata akanivuta na mimi nikapewa meza ya pasi. Meza yangu iko nyuma ya kiti chake. Mgongo wa wifi yangu nimeutazama kuliko mumewe alivyoutazama, na nikiuona tu najua kama mwenyewe ana njaa, ana furaha au ana la kuficha.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu cha bati. Mwenye mali tunamwita Mzee Vifungo, kwa sababu kila jioni anapita ameinama akiokota vifungo sakafuni kama kuku. Tumeshona sare za shule, za wauguzi, za madereva. Kisha ikaja zabuni ya jeshi, ikawa ni suruali za askari asubuhi hadi jioni. Kitambaa kigumu, sindano zinakatika, na rangi yake inakuganda machoni hata ukitoka nje unaona dunia nzima imevaa suruali ile.

Jeshi lilikuwa na sababu zake. Sisi na wenzetu wa ng'ambo ya mlima tulikuwa tumeanza kutazamana vibaya. Nani alianza, usiniulize. Redio yetu ilisema wao, na redio yao bila shaka ilisema sisi. Njia ya mlimani ikafungwa, malori ya mizigo yakageuzwa, na watu ambao hawajawahi kuuona huo mlima wakaanza kuupigania wakiwa kwenye viti vya kinyozi.

Ndipo akaja kijana wa shirika. Fulana mpya, viatu vyeupe, na sentensi zake zote zilikuwa na amani ndani, wakati mwingine mara mbili, tukambatiza Amani-Amani. Mzee Vifungo alimruhusu aongee na sisi wakati wa chai kwa kuwa soda alileta yeye.

"Mama zangu," akasema, "vita vinaanza pale watu wasipojuana. Tukiwaunganisha mafundi wa huku na mafundi wa kule kwenye simu, wakaongea kila siku, wakatumiana picha, nani atakubali kupigana na rafiki yake?"

Nikaisimamisha pasi. "Mwanangu, wewe unakaa nyumba ya kupanga?"

"Ndiyo, mama."

"Wapangaji mnajuana?"

"Sana tu. Kama ndugu."

"Na choo hamkigombanii?"

Chumba kizima kikacheka. Naye akacheka, lakini masikio yalimwiva.

"Mimi sijawahi kugombana na mtu nisiyemjua," nikamwambia. "Wote ninaonuniana nao nawajua mpaka rangi ya mashuka yao."

"Mama ana roho ngumu."

"Mama ana macho."

Wifi yangu akageuka kwenye kiti chake. "Wifi, hebu muache mtoto wa watu amalize." Kisha akamgeukia kijana, na ule uso wake wa kuamini nyanya. "Na huko kwenye kundi lenu, kuna wanaoshona sare?"

"Wapo wengi, mama."

"Niandike na mimi."

Nami nikajiandikisha. Wengine walijiunga kwa ajili ya amani. Mimi nilijiunga ili nione wanamfanya nini wifi yangu.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Asubuhi watu mia wanatakiana asubuhi njema, jioni wanatakiana jioni njema, katikati picha za maua. Nikasema kama hii ndiyo inayozuia vita, basi na mimi nikikohoa nazuia mafuriko. Kisha siku moja mwanamke mmoja wa ng'ambo akatuma picha ya suruali ya askari imepasuka msamba. Akaandika: wenzangu, hii ikichuchumaa inafunguka, nifanyeje? Wifi yangu akamjibu palepale, akampigia picha ya msamba wetu, akamwonyesha pa kuongeza kipande na pa kurudia mshono. Kesho yake yule akatuma picha: imekaa. Urafiki wao ukaanzia hapo, kwenye msamba wa suruali ya askari.

"Mnafundishana kuwavalisha watu watakaokuja kuuana," nikamwambia.

"Wakiuana, angalau wawe wamesitirika," akajibu, akaendelea kukanyaga.

Yule tukamwita Rafiki wa Ng'ambo, mimi nikiutamka urafiki huo kwa mdomo wa pembeni. Kila siku wakati wa chakula wanaongea. Kitu kimoja nilikiona mapema: yule mwanamke ana maswali. Mnatumia uzi gani, kitambaa mnaletewa lini, mezani kuna nini leo.

"Mbona anauliza sana?"

"Wifi jamani, fundi akikutana na fundi ataulizwa nini? Habari za mvua? Lazima aulize kuna kazi gani mezani. Hata mimi namuuliza."

Hilo ni kweli, sitalikataa. Mafundi wetu hawasalimiani kwa habari za nyumbani. Wanachungulia kwanza meza ya mwenzao, ndipo wanakumbuka kuuliza watoto hawajambo.

"Lakini uso wake umewahi kuuona?"

"Ana picha."

"Picha hata mimi naweza kuweka ya malkia."

"Tumeongea kwa sauti."

"Sauti zinakodishwa."

Akachoka, akampigia simu ya video mbele yangu. Akatokea mwanamke wa makamo, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, pini tatu mdomoni, nyuma yake marundo ya suruali kama yetu. Akatoa pini. "Huyo ndiye wifi wa pasi? Nimeambiwa una ulimi."

"Nami nimeambiwa una maswali," nikajibu.

Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Wifi yangu naye akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naangalia kama zile suruali za nyuma zimeshonwa kweli au zimepangwa tu.

Basi wakaendelea hivyo hadi Mzee Vifungo alipoleta mzigo mpya. Hazikuwa suruali. Yalikuwa makoti, kitambaa kizito, na bitana nene yenye manyoya, ile ambayo ukiingiza mkono unatokwa jasho. Tukatazamana. Kwetu hakuna baridi ya kumvalisha mtu koti lile. Baridi hiyo iko mahali pamoja tu, juu mlimani, kwenye ile njia iliyofungwa. Cherehani zikaanza, na mimi nikateremsha moto wa pasi, maana manyoya yale hayataki mchezo.

Mchana Rafiki akaandika kama kawaida: kuna kazi gani mezani? Na wifi yangu, bila kupepesa, akamjibu: makoti, yana bitana nene, vidole vinaniuma. Yakaja maneno mawili: hata sisi.

Ule mgongo ukasimama wima.

"Nini?" nikauliza. Akanipa simu bila kugeuka. Nikasoma. "Futa."

"Wifi, huoni? Wanapanda mlimani. Wetu na wao, wote wawili."

"Naona vizuri. Ndiyo maana nakwambia futa."

"Watu hawajui! Redio haijasema. Sisi tumejua kabla ya redio. Watu wa pande zote wakijua kwamba makoti yanashonwa huku na kule, si watasema hapana? Si ndiyo kazi ya kundi, au tuliitiwa soda tu?"

"Tuliitiwa soda tu."

Hakunisikiliza. Mara moja maishani mwake mtu yule asiyekataa kitu alinikatalia mimi. Akaandika kwenye kundi, mbele ya mafundi wote: Ndugu zangu, sisi huku tunashona makoti ya baridi ya askari, na wenzetu wa ng'ambo wanashona makoti hayohayo. Ni ya mlimani. Tuwaambie wakubwa kwamba hatutaki. Chini yake Rafiki akaandika: ni kweli, nami nashona.

Jua halijazama, ujumbe ule ulikuwa umekatwa katikati. Mkato wenyewe ulikuwa safi, hata fundi wetu wa mkasi asingeufikia. Kwetu ikasambazwa nusu inayosema wao wanashona makoti. Kwao ikasambazwa nusu inayosema sisi tunashona makoti. Nilikutana nayo bombani, jirani yangu ananisukumia simu puani.

"Umeona? Wanataka kutuvamia! Fundi wao mwenyewe kasema!"

"Na sisi tunaoshona?"

"Sisi tunajilinda."

"Koti ni lilelile."

Akanitazama kwa jicho la upande. "Wewe nawe uko upande gani?" Nikachukua ndoo yangu nikaondoka ikiwa haijajaa.

Asubuhi ukaja ujumbe wa sauti kwa wifi yangu, mfupi, wa kunong'ona. "Dada, wamekuja karakanani. Wanasema nimewauza kwenu. Futa yote yangu." Baada ya hapo jina lake likapotea kwenye kundi. Lakini picha yake haikupotea. Ilianza kuzunguka huko kwao hadi ikatufikia: uleule uso wenye miwani puani, na juu ya paji wamemwandika MSALITI kwa herufi nyekundu. Wifi yangu aliitazama, akashona mkono wa koti ndani-nje, akaufumua, akaushona tena ndani-nje.

Tukampigia Amani-Amani. Hakupokea. Mchana akaandika kundini kwamba mradi unawakumbusha washiriki wote kuzingatia maadili ya mtandao. Nilisoma mara mbili nikitafuta mahali alipomtaja yule mwanamke. Hapakuwepo.

Kisha wakaja wa kwetu. Wawili. Mmoja alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, nilimpa heshima kwa hilo, na mwingine hakufungua kinywa. Mzee Vifungo aliwaingiza chumba cha mkasi huku akipangusa viti ambavyo havikuwa na vumbi. Wifi yangu akaitwa, nami nikaingia nyuma yake.

"Mama, hatujaja kwa ubaya," Shati Jeupe akasema.

"Wa wema hawaji na magari mawili," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Wifi yake."

"Hujaitwa."

"Wifi haitwi. Huwa yupo."

Yule asiyesema alitaka kutabasamu, akajizuia. Shati Jeupe akaeleza taratibu, kama daktari. Kutoa habari za mavazi ya jeshi ni kuvujisha siri, na siri ina jela. Lakini wao wanaelewa kwamba mama ni mtu wa kawaida, amechotwa. Kwa hiyo atarekodiwa video fupi, aseme kwa maneno yake mwenyewe, yatoke moyoni, kwamba yule mwanamke alitumwa na serikali yake kumchota, akamlaghai kwa urafiki wa uongo. Watu wajifunze. Yakiisha hayo, hakuna jela, anarudi kwenye cherehani yake.

"Siwezi kumsingizia mtu," wifi yangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka nzima.

"Nitarudi kesho," Shati Jeupe akasema. "Fikiri na wifi yako."

Tukarudi kwenye meza yangu. Nikaweka koti juu ya ubao ili tuonekane tunafanya kazi.

"Sema," nikamwambia.

"Siwezi. Yule yuko mikononi mwa watu wanaomwita msaliti, na mimi nimwongezee jina la mpelelezi?"

"Hebu tumia kichwa. Kule wanasema amefanya nini?"

"Kwamba amewauza kwetu."

"Sasa wewe ukisimama mbele ya dunia ukalia kwamba alitumwa na serikali yake, amekuchota wewe, mjinga wa huku, watamfanya nini? Aliyetumwa na wao atakuwaje amewauza? Watamvuta kiti akae."

Akaacha kupangusa macho. "Lakini si watajua hawakumtuma?"

"Nani atajua? Ofisi hazijuani. Kila ofisi itadhani ni mtu wa ofisi nyingine, na hakuna atakayekubali kwamba hakuwa na habari."

"Lakini hakutumwa, wifi."

"Unajua wewe? Mimi sijui. Na uzuri ni kwamba haina haja tujue. Kama alitumwa, utakuwa umesema kweli. Kama hakutumwa, utakuwa umemtoa."

Akafikiri. Nikamwona anageuza, anageuza, kama mtu anayetafuta upande wa juu wa kitambaa. "Na yeye atajua kwamba sikumaanisha?"

Nikaligeuza koti upande wa pili. "Tumtukane sana," nikasema. "Tukimtukana kidogo hawataamini."

Tatizo ni kwamba wifi yangu hajui kutukana. Akikasirika kabisa kabisa anasema "jamani". Kwa hiyo maneno nilitunga mimi, na kazi hiyo kwangu si ngumu. Shati Jeupe alipokuja na kamera, wifi yangu alisimama mbele ya makoti, mikono imeshika tepu ya kupimia kama kamba ya mtu anayezama. Mara ya kwanza alisahau. Mara ya pili alimwita "dada yangu", wakakata. Mara ya tatu akafumba macho, akayamwaga maneno.

"Wewe mwanamke wa ng'ambo uliyejifanya rafiki! Ulinichota maneno kama anayechota maji kwenye mtungi wa jirani aliyelala. Ulitumwa, na waliokutuma wakupe mshahara wako, maana ufundi wenyewe huna. Kola zako zimesimama kama masikio ya punda aliyeshtuka!"

Kwenye punda mdomo ulimcheza, akageuza kikawa kikohozi. Shati Jeupe alipendezwa. "Yametoka moyoni," akasema.

Yalipowekwa mtandaoni, watu walipokea kwa vigelegele. Wapo walioniambia bombani kwamba wifi yangu ni shujaa, wakiwamo wale ambao juzi walimwita mdomo wazi. Sisi tulikuwa tunangoja kitu kimoja tu. Siku zikapita. Wifi yangu hali, anaonja. Mimi nilikuwa na mawazo yangu na niliyaweka kifuani: kama yule alitumwa kweli, basi leo amepandishwa cheo, anakunywa chai ofisini, na sisi huku tunakonda bure.

Kisha likaja jibu. Rafiki wa Ng'ambo, kwenye kiti chake, miwani puani, cherehani mbele yake. Amenyanyua kidole.

"Kuna mjinga mmoja upande wa pili wa mlima anasema nilimchota! Nilichota nini kwenye kichwa kikavu? Mwanamke anashona suruali, mguu mmoja unakwenda sokoni, mwingine unarudi nyumbani! Arudi akashone magunia, na hata magunia yatamkataa!"

Wifi yangu aliishika simu kwa mikono miwili. "Mzima!"

"Amekutukana."

"Mzima, wifi! Yuko kwenye kiti chake! Umemwona? Hana hata kovu!"

"Suruali zako zinakwenda sokoni, anasema."

"Ziende tu!" Akacheka na kulia kwa wakati mmoja, wenzetu wote wakimtazama, wakidhani uchungu wa kutukanwa umempanda kichwani. Mmoja alimletea maji.

Jioni tukiwa tunafunga, nikamuuliza, "Na kama amekasirika kweli? Huenda hakuelewa."

Akafunika cherehani polepole. "Huenda," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtilia mtu shaka, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Shati Jeupe akaomba nyingine. Tukampa nyingine, na ng'ambo ikajibu. Wakawa wanatukanana kila baada ya siku chache, na kila tusi lilikuwa salamu: upo? nipo. Nilimtungia kuhusu vishikizo, kuhusu miwani, kuhusu namna anavyoshika mkasi kama anayeuogopa. Yule naye hakuwa mtoto mdogo kwa matusi. Kuna moja kuhusu pasi yangu ambalo sitaliandika, lakini nilimvulia kofia. Amani-Amani akaibuka na viatu vyake vyeupe, amejaa furaha. "Mama zangu, ushiriki umevuka malengo! Nchi mbili zinaongea!"

"Zinaongea nini?" nikamuuliza.

"Takwimu haziingii huko, mama."

Wiki ileile malori yakaja kuchukua makoti ya kwanza. Mzee Vifungo alisimama mlangoni akipunga mkono, na baada ya hapo akaleta marobota mengine ya bitana.

Wifi yangu ndiye aliyeacha. Alikuja asubuhi, akakaa, hakuiambia cherehani kitu.

"Sisemi tena," akasema.

"Shati Jeupe atakuja."

"Nitamwambia sauti imekauka. Umewahi kusoma yanayoandikwa chini yetu?"

"Nasoma yako na yake tu."

"Nimeyasoma yote jana. Kuna msichana wa shule ameandika chini ya maneno yangu: wafyekwe wote, na watoto wao. Ameweka picha yake. Kola ya sare yake ni ya kwetu, wifi, naijua." Akaishika kola ya koti lililo mbele yake. "Maneno ni yako, lakini sauti ni yangu. Watu wananiitikia mimi."

"Na yule kule akidhani umefungwa?"

"Atadhani."

"Au umekufa?"

"Nimesema atadhani!" Ilikuwa mara ya kwanza kunipandishia sauti. Simu akaifungia kwenye droo ya cherehani, na ikakaa humo. Shati Jeupe alikuja, akasikiliza sauti iliyokauka, akaondoka bila kuaga. Tukaanza kuishi tukisikiliza magari.

Basi mchana mmoja wenzangu wametoka kula, nami nimebaki na koti ubaoni, nikaifungua simu yangu. Nilitaka kuona kama yule mwanamke bado anatukana kwa mshahara. Nikamkuta. Amejirekodi asubuhi ile. Hakuwa na pini mdomoni, miwani ilikuwa mkononi, macho yamelowa, na cherehani nyuma yake ilikuwa imefunikwa.

"Uko wapi, fundi wa magunia?" akasema. "Mbona kimya? Umekimbia? Nijibu, mwoga wewe. Nijibu hata moja."

Chini yake watu wa kwao walikuwa wanashangilia kwamba adui amekimbia. Mimi nikarudia kumsikiliza. Matusi nayajua. Nimeyapokea na nimeyatoa, na tusi la kweli likitoka humsukuma mtu. Lile lilikuwa linavuta.

Sikumwamini bado, tuelewane. Huenda nyuma ya kamera yake alisimama Shati Jeupe wao. Huenda machozi nayo yalikuwa kwenye mkataba. Nilijua pia kwamba wifi yangu amekata kauli, na si mimi wa kuikunjua. Nikaandika kwa kidole kimoja, kwa jina langu: Hajakimbia. Anakula, analala, yupo kwenye kiti chake. Hana muda na fundi asiyejua hata kutia bobini. Mimi ni wifi yake, mwenye pasi. Ukimtafuta tena utanipata mimi.

Nikasubiri. Wa kwao wakaanza kunitukana na wa kwetu wakaanza kunipigia makofi, mbio mbio, hata kidole hakiwahi kuyafuata. Mmoja akaandika: mama huyu apewe bunduki. Na katikati ya vurugu ile, kutoka kwake mwenyewe, neno moja: Mjinga. Halafu akaifuta video yake.

Nilisikia harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya koti, na manyoya ya bitana yameshikana yakawa ngozi nyeusi. Nikainyanyua. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake la chakula. Alilitazama koti, akanitazama mimi, kisha simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mzima?" akauliza.

"Anatukana," nikamwambia.

Akakaa kwenye kiti chake. Ule mgongo ukateremka, ukatulia. Yale mengine yaliyoandikwa chini sikumsomea.